Kupe, Damu na Majuma Mawili: Mwongozo kwa Wafugaji, Wachinjaji na Wauguzi wa Kilimanjaro

Mtu anayeshikwa na homa katika mji wa Moshi, au katika vihamba vinavyopanda kutoka tambarare mpaka ukingo wa msitu wa Kilimanjaro, aghalabu hujiambia kuwa ameshikwa na malaria, na jamaa zake humwambia hivyo hivyo, na mara nyingine hata anayempokea zahanati huandika hivyo kabla ya kuuliza swali la pili. Dhana hiyo ilikwisha kupimwa hapa hapa mjini. Baina ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. 528 katika hao walikuwa wamehesabiwa na waliowapokea kuwa ni wagonjwa wa malaria, lakini malaria ilipotafutwa kwa vipimo vya yakini ilionekana kwa watu 14 tu. Katika wengine yaligunduliwa maradhi ambayo wengi wetu hatuyataji kabisa, na mengi yake hutoka kwa mifugo: homa ya Q, brusela, leptospira, na katika watu 450 waliopimwa damu kwa ajili hiyo, 36 walikuwa na homa ya riketsia, ambayo aghalabu huletwa na kupe. Ni bayana, basi, kwamba ng'ombe na mbuzi wetu, na wadudu wanaowanyonya, wana fungu kubwa katika homa za mkoa huu, ilhali swali la mifugo ni nadra kuulizwa katika chumba cha tabibu, na ni nadra zaidi kwa mgonjwa kulitaja mwenyewe.

Ninaloandika hapa linahusu homa moja katika jamii hiyo, iliyo kali kupita zote nilizozitaja, nayo ni homa ya Kongo na Krimea, ambayo kirusi chake hukaa ndani ya kupe, humwingia mtu kwa kuumwa na kupe huyo au kwa kugusa damu ya mnyama au ya mgonjwa, na katika kila watu 100 wanaougua sana mpaka wakafika hospitali huua baina ya 10 na 40. Sisemi, wala msomaji asinielewe hivyo, kwamba mlipuko wa maradhi haya umo Moshi leo. Nasema kwamba vipimo vya damu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na wachungaji katika kaskazini ya Tanzania vimeonyesha athari za kirusi hiki, yaani kimekwisha kupita katika miili yao, na kwamba pale ambapo athari zipo na wagonjwa hawaonekani, mtu mwenye busara hujiuliza kama kweli hawapo au wamezikwa kwa jina la maradhi mengine.

Maradhi haya si mapya, wala si mageni katika upande huu wa dunia. Mwaka 1944, vita kuu ilipokuwa inakaribia kwisha, askari wa Kisovieti waliopelekwa kusaidia mavuno katika rasi ya Krimea walishikwa na homa ya kutokwa damu, wagonjwa wapatao 200, na matabibu wao wakawatuhumu kupe. Mwaka 1956 kirusi kilipatikana katika damu ya mtoto mwenye homa huko Stanleyville, mji unaoitwa sasa Kisangani. Kikachunguzwa Entebbe, katika taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa ikizitumikia nchi zetu za Afrika Mashariki kwa pamoja. Na mwaka 1969 ikathibitika kuwa kirusi cha Kongo na kile cha Krimea ni kimoja. Ukafuata ukimya mrefu, na ukimya huo ndio uliotulaza usingizi. Kenya iliandika mgonjwa wake wa kwanza mwaka 2000, naye alikufa. Uganda, iliyokuwa imepitisha miaka mingi bila kusikia habari zake, iliyapata tena mwaka 2013 katika wilaya ya Agago, yakarejea mwaka 2017 katika wilaya za katikati ya nchi, na tangu hapo yamekuwa yakizuka mara kwa mara. Uturuki, ambayo haikuyajua kabla ya 2002, imekwisha kuandika wagonjwa zaidi ya 10,000.

Lakini habari inayotuhusu kuliko zote ni ya Irak. Huko, tangu mwanzo wa Januari hadi Mei 22 ya mwaka 2022, waliandikwa wagonjwa 212 na vifo 27, na karibu nusu yao walitoka mkoa mmoja wa kusini uitwao Dhi Qar, wengi wakiwa wafugaji na wachinjaji. Na waliotafuta sababu walikumbuka kwamba kazi ya kuinyunyizia mifugo dawa ya kupe ilikuwa imezorota katika miaka ya 2020 na 2021 kwa ajili ya UVIKO. Haikuhitajika ajabu nyingine. Dawa ilipokosekana kupe walizidi, kupe walipozidi kirusi kilizagaa katika mifugo, na mifugo ilipochinjwa damu yake ikawafikia watu. Nasi tunayo majosho ya vijijini yaliyojengwa kwa gharama na kwa nia njema, ambayo mengi yalikauka na kuota magugu kwa kukosa maji, dawa au kamati ya kuyasimamia. Serikali ilianzisha mwaka 2018 kampeni ya taifa ya kuogesha mifugo ili kuyafufua, na pale ambapo josho linafanya kazi, kumpeleka ng'ombe wako kila zamu ifikapo si jambo la kuahirisha.

Sasa na tumtazame kupe mwenyewe. Kupe tuliyemzoea huku juu, yule wa rangi ya kahawia anayejaa masikioni mwa ndama na kuleta ndigana kali, hupanda juu ya jani akangoja mnyama apite ndipo amdandie. Kupe anayebeba zaidi kirusi cha homa hii ni wa jinsi ambayo wataalamu huiita Hyalomma, na tabia yake ni nyingine: hupenda nchi kavu yenye jua, kama tambarare za Sanya, Boma Ng'ombe, Mwanga, Same na kuendelea mpaka Simanjiro, naye hangoji, bali akihisi pumzi au mtikisiko wa kiumbe hutoka mafichoni na kumkimbilia juu ya ardhi tupu, hata mchungaji aliyeketi kivulini anaweza kumwona akimjia mguuni. Mtazame miguu: ni mirefu kuliko ya kupe wa kawaida, nayo ina pingili za rangi mbili, hudhurungi na nyeupe, mfano wa soksi za mistari. Utotoni mwake hunyonya sungura na ndege wa ardhini, na akiwa mkubwa huhamia kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wa porini. Akishaingiwa na kirusi hukaa nacho maisha yake yote, na jike huweza kukirithisha mayai yake, ndiyo maana kirusi hudumu katika mbuga hata pasipokuwapo mgonjwa hata mmoja wa kukiambukiza.

Mwenye kihamba cha Kibosho, Marangu au Machame asije akajifariji kwa habari hiyo ya tambarare. Ng'ombe wake hafuati malisho, hukaa zizini akiletewa majani. Lakini majani yenyewe hutoka wapi? Wakati wa kiangazi mama mwenye nyumba hushuka alfajiri mpaka shamba la chini, akafyeka nyasi na mabua, akayafunga mzigo, akautwika juu ya kata na kupanda nao mlima muda mrefu, nyasi zikimgusa shingo na mabega, na aliyejificha ndani yake ana nafasi ya kutosha kuchagua mahali. Tena ng'ombe na mbuzi wenyewe hununuliwa katika minada ya chini, kama ule wa Weruweru, ambako hufika wanyama kutoka nyika za mbali, na jioni hiyo hiyo wanakuwa wamekwisha kufungwa nyuma ya nyumba iliyo katikati ya migomba.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa kila mfugaji alishike, kwa kuwa lisipofahamika hakuna tahadhari itakayoeleweka. Ng'ombe, mbuzi au kondoo anayeingiwa na kirusi hiki haugui. Hula, hucheua, hutoa maziwa, wala hana homa ya kumshtua bwana mifugo. Ilhali kwa muda wa kadiri ya juma moja damu yake imejaa kirusi, kisha mwili wake hukishinda na damu ikasafika. Kwa hiyo macho hayatoshi kumjua mnyama aliye salama, na hata mkaguzi wa nyama aliye hodari hawezi kumtambua kwa kumtazama. Kinachotosha ni muda. Mnyama aliyeondolewa kupe kwa dawa, akatengwa asipate kupe wapya, akakaa majuma mawili, yaani siku 14, hata kama siku ya kwanza alikuwa na kirusi damuni, siku ya kuchinjwa hatakuwa nacho. Agizo hili la siku 14 ndilo wanalolitoa wataalamu wa afya duniani kwa machinjio, nalo linafaa nyumbani vile vile.

Kuogesha kuna adabu yake. Dawa ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa maana anayeipunguza ili imfikishe mbali huwafundisha kupe kuizoea, na anayeizidisha humdhuru mnyama na nafsi yake. Ukitumia bomba la mgongoni, usiridhike kwa kuulowesha mgongo. Elekeza dawa ndani ya masikio, chini ya mkia, katika kiwele, makwapani na baina ya kwato, maana huko ndiko kupe wanakojisitiri. Simama upande unaotoka upepo, vaa glavu za mpira na mabuti, na uyaulize mapema masharti ya maziwa na nyama, kwa sababu baadhi ya dawa hutaka siku kadha zipite kabla mtu hajala au hajanywa kitokacho kwa mnyama huyo. Zizi nalo lina nyufa; linyunyizie kuta na mbao zake.

Kwa mwili wako mwenyewe, vaa suruali na mikono mirefu unapokwenda kukata majani au kuchunga, ingiza ncha za suruali ndani ya soksi au mabuti, na chagua nguo za rangi nyeupe au ya kufifia ili kupe aonekane kabla hajafika ngozini. Mama anayetwika nyasi atandaze kitenge kizito au gunia mabegani, na akifika azimwage nyasi juani mbali na mlango. Jioni, mpekuane: nyuma ya masikio, katika vinyweleo vya kisogoni, makwapani, kiunoni pale kanga inapokazwa, nyuma ya magoti na baina ya mapaja; na watoto wapekuliwe na mtu mzima.

Ukimkuta kupe ameng'ata, usimtie mafuta ya taa, wala usimchome kwa kijiti cha moto, wala usimkamue kwa vidole, maana akifadhaishwa hivyo huweza kutapika ndani ya jeraha kile alichonacho. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, umshike karibu kabisa na ngozi, mahali kinywa chake kilipoingilia, si tumboni. Umvute kwa mkono mtulivu, moja kwa moja, bila kumzungusha wala kumkata ghafula, mpaka aachie. Usipokuwa na kibano, vika vidole mfuko wa plastiki au kitambaa kikavu kilichokunjwa. Kisha osha jeraha kwa maji na sabuni au spiriti, na kupe mwenyewe umtumbukize ndani ya spiriti au umfunge kwa utepe wa gundi umtupe chooni. Iko tabia ya watoto wachungaji, na watu wazima pia, ya kumpasua kupe aliyeshiba baina ya kucha mbili ili waone damu ikiruka. Tabia hiyo ikomeshwe, kwa kuwa tone lile, likipata mkwaruzo kidoleni au likiruka jichoni, linatosha. Iandike tarehe ya siku uliyomng'oa. Utaihitaji.

Na sasa nije kwenye kisu, ambapo nitakaa zaidi, kwa sababu watu wengi wanaoyapata maradhi haya duniani si wale walioumwa na kupe porini tu, bali wale waliochinja, waliochuna na walioshika viungo vibichi. Kila Desemba jamaa hurejea Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko, na ni nadra kupata boma lisilochinja. Kadhalika Idi kubwa ikifika, Waislamu wa Moshi hununua kondoo na mbuzi kwa wingi na kwa haraka. Na Oman, ambako wengi wa watu wa pwani yetu wana ndugu, matabibu wameona wagonjwa wa homa hii wakiongezeka katika siku zinazofuata Idi hiyo. Mbuzi hununuliwa mnadani jana, huchinjwa leo. Huangushwa chini ya mgomba juu ya majani mapana, damu ikakingwa kwa bakuli. Mchunaji, ambaye mikono yake yote miwili ina kazi ya kuvuta ngozi, hukiuma kisu baina ya meno kikiwa bado kinachuruzika, huku vijana waliovaa kandambili wakishika miguu ya mnyama, na watoto wakisogea kuona. Katika picha hiyo njia za maambukizo ni nyingi kuliko watu waliopo.

Desturi yenyewe siipingi. Kugawana nyama kwa vyeo vya ukoo, bega kwa huyu na mbavu kwa yule, ni kifungo cha aila, na mtu anayewaambia watu wa mlimani wasichinje Krismasi anapoteza maneno yake. Ninaloomba ni kwamba mnyama anunuliwe mapema, siku 14 au zaidi kabla ya karamu, aogeshwe siku anayoingia nyumbani, afungwe mahali palipofyekwa na kunyunyiziwa, mbali na wengine. Gharama ya ziada ni majani ya nusu mwezi, na faida yake ni kwamba mbuzi huyo hupoa na uchovu wa safari akanenepa kidogo. Jamaa wa mjini wanaotuma fedha ya mbuzi tarehe 23 waitume tarehe 8. Siku ya kuchinja wachaguliwe watu wawili au watatu wenye ujuzi, wasio na vidonda mikononi, wavae glavu, aproni ya plastiki na mabuti, na miwani au hata kitambaa cha kukinga uso. Kisu kisitiwe kinywani kwa sababu yoyote. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali. Na damu iliyomwagika ifukiwe au imwagiwe dawa ya klorini. Kupe wanaobaki katika ngozi iliyochunwa hutafuta mwenyeji mpya mara mwili unapopoa, kwa hiyo ngozi isiachwe barazani wala isibebwe begani.

Kuhusu damu ya kunywa, sitazungusha maneno. Damu mbichi isinywewe, iwe ni ya mbuzi aliyechinjwa au ya ng'ombe aliyetobolewa mshipa. Kisusio, ile supu ya mbuzi inayotiwa damu, kisiliwe kabla damu haijachemka barabara pamoja na supu yake na kubadilika rangi yote, na mpishi anayeikoroga damu mbichi avae glavu. Moto hukiua kirusi hiki bila shaka. Nyama nayo, ikishaning'inia muda baada ya kuchinjwa, hupata uchachu wa asili ambao kirusi hakiuvumilii, kwa hiyo mtu anayenunua kilo yake katika bucha lenye muhuri wa mkaguzi na kuipika ikaiva hana sababu ya kuogopa. Hatari iliwapata, kama ilikuwapo, wale waliokuwa machinjioni usiku. Wenye machinjio na mabucha wafikirie hilo wanapowapa vijana kazi bila hata jozi moja ya glavu.

Pamoja na hadhari zote hizo mtu anaweza kuugua, na hapo kufahamu dalili ni nusu ya uokovu. Aliyeumwa na kupe huanza kuugua aghalabu baada ya siku 1 hadi 3, na mara chache hufika 9. Aliyegusa damu huanza baada ya siku 5 au 6, na muda mrefu uliopata kuandikwa ni siku 13. Homa huja kwa ghafula, mtu akiwa mzima asubuhi na hoi jioni, pamoja na maumivu ya misuli, mgongo na shingo, kichwa kinachogonga, kizunguzungu, macho yanayouma na kuchukia mwanga. Huweza kufuatwa na kichefuchefu, kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo na koo. Mgonjwa hubadilika tabia, akawa mkali au akachanganyikiwa, kisha baada ya siku 2 hadi 4 akazama katika usingizi na huzuni, na tumbo likauma upande wa kulia juu, lilipo ini. Ndipo huonekana vidoadoa vyekundu chini ya ngozi na kinywani, mabaka kama ya mtu aliyepigwa, damu puani, katika fizi, katika mkojo au choo, na kutokoma kwa damu pale palipodungwa sindano. Wanaokufa aghalabu hufa katika juma la pili, na wanaopona huanza kupata nafuu katika siku ya 9 au ya 10. Usingoje damu itoke. Wengi wanaochelewa huchelewa kwa kuingojea.

Ukiwa na homa ya ghafula, jiulize nini kilikupitia katika majuma mawili yaliyopita: je, nilichinja, nilichuna, nilizalisha ng'ombe, nilikata nyasi za tambarare, nilimng'oa kupe, nilimuuguza mtu aliyekuwa akitokwa damu? Jibu likiwa ndiyo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na uliseme mlangoni, kabla hujaulizwa, hata kama anayekupokea ana haraka. Usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zinazidisha kutoka damu. Parasetamoli kwa kipimo chake inatosha kupunguza homa njiani. Usikubali kuchomwa sindano ya nyama katika duka la dawa, wala kuchanjwa chale na mganga, kwa faida yako na yake. Kipimo cha malaria kikionyesha unayo, tibiwa malaria, lakini usiruhusu jibu hilo lifute lile swali la mifugo, maana mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Kwa ndugu zangu matabibu na wauguzi wa zahanati, ambao hufanya kazi kubwa kwa vifaa haba, nina ombi moja: kila mwenye homa aulizwe habari za mfugo, za kupe na za damu, na majibu yaandikwe katika kadi yake. Historia ya homa hii ni historia ya wauguzi pia. Mwaka 1976 huko Rawalpindi, Pakistani, mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo na kutokwa damu alipasuliwa kabla maradhi yake hayajajulikana, na mpasuaji akaambukizwa na kufa. Mwaka 2016 nchini Hispania mtu aliyeumwa na kupe alilazwa hospitali, akafa, na muuguzi mmoja aliyemhudumia akaambukizwa, naye akanusurika. Ukimshuku mgonjwa, mtenge katika chumba chake, vaa glavu, gauni, barakoa na kinga ya macho, punguza sindano na kutoa damu isipokuwa kwa lazima, na mpe taarifa mganga mkuu wa wilaya ili sampuli ichukuliwe na kusafirishwa kwa utaratibu wa usalama kwenda maabara ya taifa; maana kwa dalili tu huwezi kuitenga homa hii na Marburg, iliyozuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025, wala na Homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu nchini mwaka 2007. Chanjo iliyokubaliwa kwa watu wote haipo. Uhai huokolewa kwa maji, damu na uangalizi wa saa kwa saa, na dawa iitwayo ribavirini hutumiwa na matabibu wengi wanaoona inafaa, zaidi ikianzwa mapema.

Nyumbani, wakati mnasubiri usafiri, mtu mmoja tu amhudumie mgonjwa, akiwa na glavu, na akizikosa avae mifuko mizima ya plastiki mikononi. Matapishi, choo na damu vimwagiwe maji ya klorini: jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, ikaachwa robo saa kabla ya kufutwa. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, nayo itawaelekeza. Wote waliomgusa waandikwe majina, wapimwe joto asubuhi na jioni kwa siku 14, na asiyeugua katika muda huo aendelee na shughuli zake bila kunyooshewa kidole. Akifariki, na hili najua ni zito, maiti isioshwe na jamaa wala isikumbatiwe. Timu yenye mafunzo itaisitiri, sheikh au padri atasali kwa umbali uliopangwa, na kaburi litachimbwa kihambani pale pale wanapolala wazee wake.

Bwana mifugo naye aitwe siku hiyo hiyo, maana nyumba yenye mgonjwa ina zizi. Watu wengine, kwa khofu, huharakisha kumuuza au kumchinja mnyama wanayemtuhumu, wakafanya dhara lile lile walilokuwa wakilikimbia, wakalihamishia kwa jirani au kwa mwenye bucha. Asiuzwe, asichinjwe, wala asipigwe mawe. Anyunyiziwe dawa yeye na wenzake, zizi lisafishwe na mtu aliyevaa glavu na mabuti, majani ya zamani yachomwe, na tarehe iandikwe ukutani. Siku 14 zikipita akiwa hana kupe, ni ng'ombe kama ng'ombe wengine, na mwenyewe anaweza kumpeleka mnadani.